Hotuba ya Mwenyekiti: Kuanza Kutengeneza Sabuni Nyumbani



Risala imeshasomwa na katibu, na mahesabu ya miaka 10 mmeyasikia kwa mhazini, kwa hiyo hayo hatuyarudii. Sisi tunataka kusema juu ya sabuni tu. Wanachama wapya wengi wameomba mkopo wa kuanzia kazi hiyo. Sasa jamani, fedha iliyomo sandukuni ni hisa za kila mmoja wetu, za muuza vitumbua na za mlima mpunga. Kabla ya kufungua kufuli, mwombaji aielewe kazi yenyewe.

Sisi wa umri huu tunakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipoadimika, watu wakafulia majivu na majani ya mpapai. Leo sabuni imejaa madukani. Mteja hatanunua yetu kwa shida, atainunua ikiwa inatoa uchafu. Na uchafu hapa upo! Wakata miwa wanarudi nyumbani nguo nyeusi kwa masizi, na tope la majaruba mnalijua wenyewe.

Kuna na suala la kuni. Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na tangu mwaka 2011 haturuhusiwi tena kuingia kuokota kuni. Biashara ya kukaanga inakula kuni kila siku. Sabuni tunayofundisha haipikwi, mafuta yanapashwa moto kidogo tu, basi.

Vitu vinavyotakiwa ni mafuta, maji na kostiki soda. Hapo wengi wanachanganya. Kostiki siyo magadi. Magadi tunatia kwenye maharage, lakini kostiki inaunguza ngozi na inapofua macho. Haipimwi kwa kukisia. Kijiko na kikombe si vipimo, tumia mizani. Hata mafuta pima kwa kilo, maana lita moja ya mafuta haifiki kilo moja.

Kipimo chetu cha kuanzia ni hiki: mawese kilo 2, mafuta ya nazi kilo 1, kostiki gramu 440, maji gramu 1,100 kwenye mizani. Mawese yanaleta ugumu, nazi inaleta povu. Ukibadilisha mafuta, kostiki nayo inabadilika, kwa sababu nazi inahitaji kostiki nyingi kuliko mawese. Kwa hiyo usije ukaweka alizeti mahali pa nazi ukasema ni mafuta tu.

Vaa glavu, miwani, na nguo ya mikono mirefu. Fanyia nje, penye upepo, watoto wakiwa mbali. Weka maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki ngumu, ndipo umimine kostiki kidogo kidogo ukikoroga kwa mti. Kostiki inaingia kwenye maji. Ukifanya kinyume, ukamwagia maji juu ya kostiki, itaruka ikuunguze usoni. Mchanganyiko utapata moto wenyewe bila jiko na utatoa mvuke, usiinamie. Na zile sufuria zetu za alumini ziacheni jikoni, kostiki inazila.

Acha mchanganyiko upoe mpaka uvuguvugu, mafuta nayo yawe vuguvugu. Mimina kwenye mafuta taratibu, koroga bila kuchoka. Kwa mkono ni kazi, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Ikifika mahali ukiinua mti unaona alama juu kama ya uji, mimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni. Kesho yake au keshokutwa kata vipande. Bado vaa glavu. Rangi itakuwa ya machungwa kwa sababu ya mawese, msihangaike nayo.

Kuna mama aliuliza, mbona tunaogea kitu chenye kostiki? Ni kwamba kostiki ikikutana na mafuta inageuka, siyo kostiki tena na mafuta siyo mafuta tena. Zile gramu 440 tumezipunguza kidogo makusudi, ili mafuta yabaki kidogo na yasiwe ya kukausha ngozi.

Sasa tunafika pagumu. Vipande vinapangwa kivulini penye hewa wiki 4. Hapo ndipo mtu anashawishika. Ada ya shule inadaiwa, marejesho yanakaribia, sabuni inaonekana ngumu, anaibeba mnadani. Sabuni mbichi inaisha upesi kwenye maji, tena inawasha. Mteja huyo harudi, na hatasema sabuni ya fulani ni mbaya, atasema ya akina mama wa Sanje. Pimeni kipande kimoja kila wiki. Kikiendelea kupungua uzito, bado kina maji.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Mkopo wa sabuni utaanza kurejeshwa baada ya miezi 2, siyo mwezi 1 kama mikopo mingine. Mabeseni ya kwanza 2 yatatengenezwa hapa kikundini, mbele ya mwenzetu mzoefu. Wapo wanaosema tunawabana. Sawa, tumewabana. Atakayetaka kuuza mbali, aende ofisi ya SIDO Morogoro aulizie utaratibu wa alama ya TBS.

La mwisho ni watoto. Kostiki isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Iwe kwenye kopo lenye mfuniko, limeandikwa, juu kabisa. Ikimrukia mtu, mwageni maji mengi kwa muda mrefu, msipake ndimu. Mtoto akiinywa msimtapishe, mkimbizeni hospitali. Mkaguzi wa kikundi atapita nyumbani kwa kila mkopaji kuangalia kopo linakaa wapi, na asiyekuwa na mahali pa kuliweka hapewi fedha.

Mafunzo yanaanza Jumamosi saa 3 asubuhi. Kila mmoja aje na ndoo yake na glavu. Mizani ipo.