Mzee Akiruhusiwa Wodini, Nani Anampokea?



Mzee wa Rungwe au Mbarali akizidiwa, njia ya kupanda inajulikana. Zahanati inamwandikia rufaa, hospitali ya wilaya inampokea, na ikishindikana anafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Siku daktari anapoandika kwamba aruhusiwe, utaratibu unalegea. Mzee anakabidhiwa kwa mjukuu aliyeomba ruhusa ya siku moja kazini, na kesho yake mjukuu huyo hayupo. Nashikilia kwamba hospitali haijamaliza kumtibu mzee mpaka ijue ni mhudumu gani atakayempokea kijijini kwake.

Nianze na dawa, maana hapo ndipo wazee wetu wanapoumia bila sisi kuona. Chukueni mfano wa mama wa miaka sabini na kitu, anayerudi Mufindi. Amepewa bahasha ndogo zilizoandikwa 1x1, 1x2, 2x3. Ana mtoto wa jicho, maandishi hayo hayaoni. Nyumbani, ndani ya kopo la maziwa, ana vidonge vya presha alivyopewa zamani. Vile vipya ni dawa ileile, ila kiwanda kingine kimeipa jina lake. Hakuna aliyemwambia aache vya kwanza, kwa hiyo anakunywa vyote. Usiku wa Juni, kwenye baridi kali, anaamka kwenda choo cha nje. Presha imeshuka, kizunguzungu kinamkamata, anaanguka kizingitini na kuvunjika nyonga.

Wodini aliulizwa, "Bibi, umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Angejibuje vingine mbele ya daktari na foleni ya wagonjwa? Swali hilo tuliache. Tumwambie: "Bibi, hebu nionyeshe utakazokunywa kesho asubuhi." Na kama Kihehe au Kinyakyusa ndicho anachokielewa vizuri, aitwe mtu wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo, na mjukuu awepo akisikiliza.

Mwaka 1999 Mary Naylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya wauguzi wabobezi waliowaandaa wazee wakiwa bado wodini, kisha wakawafuata majumbani. Waliolazwa tena walipungua. Wauguzi wa kiwango hicho kwetu ni wachache, sikatai. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kwa miaka mitano. Hawa wanaishi kijijini na wanajua nyumba ya nani iko wapi. Mzee aliyetoka hospitali awe kwenye orodha yao ya kutembelewa, kama alivyo mama aliyejifungua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na dirisha la wazee limewapunguzia wengi kusimama foleni. Ni hatua njema, naipongeza kwa dhati. Ila dirisha lipo hospitalini, na mzee anaugulia nyumbani. Hata usafiri wa kumrudisha tunaiachia familia, masika barabara ikiwa tope na bodaboda ndiyo pekee inayopita.

Waganga wafawidhi wa Mbeya na Iringa, ombi langu kwenu ni dogo. Kabla mzee hajatoka, muuguzi apige simu zahanati ya kijiji chake. Ataje dawa zilizoongezwa, zilizoachishwa, na dalili ambazo zikionekana mzee arudishwe haraka. Kwenye kadi aandike jina na namba ya aliyepokea taarifa. Mhudumu afike nyumbani ndani ya siku tatu. Na muda wa maongezi wa simu hiyo uwekwe kwenye bajeti ya wodi, usitoke mfukoni mwa muuguzi.