Toba na Haki za Watu

Hotuba iliyosomwa Rongui



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, mmenitaka nizungumze juu ya toba. Katika miaka mingine ningalisema juu ya kusengenya na kupunja mizani, kisha nikakaa. Lakini tangu tarehe 5 Oktoba 2017, waliposhambulia Mocímboa da Praia vijana ambao watu waliwaita Mashababi, neno hili limekuwa na uzito mwingine katika pwani ya Cabo Delgado. Mwaka 2020 moto ulifika hata Vamizi. Na tarehe 24 Machi 2021 Palma ikavamiwa, watu wakakimbilia baharini. Waliofanya hayo hawakutoka mbali wote. Wengi ni watoto wa pwani hii hii, na wako walioacha silaha wakarejea. Basi aliyeua, akachoma, akateka, kisha akarudi akisema ametubu, ana haki gani kwetu, na sisi tuna haki gani kwake?

Mlango haukufungwa. Katika Suratu Zzumar, aya ya 53, Mola amewakataza waja waliozidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema yake. Na nyote mwaijua hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua watu 99. Alimwuliza mtawa kama ana toba, akaambiwa hana. Akamwua na yeye, wakatimu mia. (Jibu la haraka nalo huongeza maiti.) Kisha mwanachuoni akamwambia toba ipo, ila aihame nchi yake mbovu. Akafa njiani, na ilipopimwa akaonekana amekaribia kule aendako kwa kadiri ya shubiri. Watu hupenda kuisimulia shubiri hiyo; mimi napenda mwutazame ule mji. Alitumwa penye watu wamwabuduo Mungu, aabudu pamoja nao. Toba yake ilihitaji mji wa kumpokea.

Lakini wasemao upesi kwamba Mungu amekwisha samehe huliruka jambo moja. Imamu Nawawi, tumtegemeaye sana sisi Mashafii, ametaja katika Riyadhu Ssalihin masharti matatu ya toba iliyo baina ya mja na Mola wake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikigusa haki ya mtu huongezeka la nne: haki imrudie mwenyewe, au aombwe radhi. Hata aya ya 34 ya Suratul Maida, inayowavua katika adhabu ya waharibifu wa nchi wale waliotubu kabla hawajashikwa, maulamaa wengi wamesema huondoa haki ya Mungu tu; damu na mali za watu hubaki palepale. Mashua iliyonyang'anywa ina mwenyewe.

Na kukiri je? Katika dini yetu hapana padri wa kuungamiwa. Maiz alipomjia Mtume (S.A.W.) kukiri zina, Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara. Sitara yapendeza. Lakini wako waishikao sitara hiyo wakanyamaza hata juu ya waliopotea, na hapo si mahali pake. Wanawake na wasichana walitekwa. Mama aliyechukuliwa binti yake siri haimfai kitu. Mke asiyejua kama mumewe yu hai au amezikwa, hajui eda yake aianze lini, wala mirathi haigawanyiki. Kusema alipo mtu ni deni, nalo lazidi deni la fedha. Si lazima msemaji asimame msikitini siku ya Ijumaa mbele ya macho ya watu wote. Apeleke khabari kwa mzee amwaminiye au kwa serikali, bora ifike.

Wala tusiwalazimishe wafiwa. Wahshi alimwua Hamza, ami yake Mtume, katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Aliposilimu baadaye alikubaliwa, illa Mtume alimtaka, kama aweza, asimwonyeshe uso wake. Ikiwa huyo ni Mtume, nani basi atamwamrisha mjane wa Palma amkaribishe kahawa mwuaji wa mumewe? Aweza kusamehe, na aya ya 178 ya Suratul Baqara imeupendekeza msamaha. Aweza kudai haki yake mbele ya hakimu. Aweza kutaka tu asimwone. Na Wahshi hatukusikia kuwa alinung'unika. Alikaa mbali, na siku ya Yamama akawa miongoni mwa waliomwua Musaylima, aliyejidai utume.

Nimesema juu ya waliotenda. Lakini miongoni mwa waliotoka msituni wamo watoto waliotekwa wakabebeshwa mizigo, na mabinti waliooza kwa nguvu. Hao hawana toba ya kututolea. Wao ndio wenye kudai. Wapokewe chuoni na shuleni bila ya kuhojiwa mlangoni, na mabinti hao wakiposwa, waposwe kama mabinti wengine wa mji huu.

Wassalaamu alaykum.