Dhamana za Benki: Sheria ya Nchi Gani Itatawala?



Askari hupewa buti, hema, redio ya mawasiliano na gari la doria. Huvipokea kwa kutia sahihi katika daftari la ghala, akaenda zake kazini. Ni mara chache atakapojiuliza vitu vile vimelipiwaje hata vikafika mikononi mwake. Lakini nyuma ya vifaa vingi vinavyotoka ng'ambo kuna karatasi isiyozidi kurasa mbili, na karatasi hiyo ikiandikwa vibaya, taifa laweza kupoteza fedha nyingi bila ya risasi hata moja kufyatuliwa. Karatasi hiyo ni dhamana ya benki. Leo tutaizungumzia, na hasa tutauzungumzia ugomvi unaozuka wakati nchi mbili zinaposhindana juu ya sheria ipi iitawale.

Tuanze na maana yake. Serikali inapoagiza malori kwa muuzaji wa nchi ya mbali, muuzaji hutaka fedha za kutangulia ili aanze kazi. Serikali nayo haimjui vema, na yaogopa kwamba atazichukua fedha zile na malori yasionekane. Basi benki hutiwa kati. Benki huandika hati inayosema: ikiwa mnunuzi atadai, sisi tutamlipa kiasi kadha wa kadha. Katika dhamana za namna hii, mnunuzi halazimiki kuthibitisha kwamba muuzaji amekosa. Adai tu kwa maneno yaliyokubaliwa, naye atalipwa. Lipa kwanza, mashauri baadaye; hiyo ndiyo kanuni.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kupindana. Mnunuzi kwa kawaida hutaka dhamana itolewe na benki ya nchi yake mwenyewe. Benki hiyo haimjui muuzaji wa kigeni, kwa hiyo nayo hudai ilindwe na benki ya muuzaji kwa dhamana ya pili, iliyo nyuma ya ile ya kwanza. Benki ya muuzaji, kwa upande wake, humwambia muuzaji aweke fedha au aahidi kurudisha kila senti itakayolipwa. Kwa hiyo, pamoja na mkataba wenyewe wa mauziano, tuna ahadi nne zilizoungana kama pingili za mnyororo, nazo zimevuka mpaka wa nchi. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Swali ni hili: deni hilo litapimwa kwa mizani ya nchi gani?

Mfano mmoja maarufu ulitokea Libya. Kampuni moja ya Kiingereza, Edward Owen Engineering, ilikubali kujenga nyumba za vioo za kilimo nchini humo kwa bei ya zaidi ya paundi 500,000. Mkataba ulitawaliwa na sheria ya Libya. Benki ya Umma ya Libya ilitoa dhamana ya kiasi cha asilimia 10 ya bei, na Barclays ya Uingereza ikaahidi kuilipa Benki ya Umma mara itakapodai, bila ya ushahidi wala masharti. Wanunuzi walitakiwa wafungue hati ya malipo iliyothibitishwa na benki, nao hawakufanya hivyo. Kampuni ikajitoa katika mkataba. Hata hivyo wanunuzi waliidai dhamana.

Mwaka 1977 kampuni ilikwenda mahakamani London kuomba Barclays izuiwe kulipa. Mahakama ya Rufaa, akiwamo jaji mashuhuri Lord Denning, ilikataa. Ilisema kwamba benki iliyotoa ahadi ya namna hiyo haihusiki na ugomvi wa muuzaji na mnunuzi. Yapaswa kulipa, isipokuwa pale ambapo udanganyifu uko wazi na benki yenyewe inaujua. Muuzaji akitaka haki yake, na aitafute kwa kumshtaki mnunuzi. Muuzaji anayeijua hatari hii huiongeza katika bei. Kwa hiyo nchi inayojipatia dhamana kali kupita kiasi isidhani imeipata bure.

Ndugu wasikilizaji, mfano wa pili wawahusu zaidi watu wa majeshi. Mwaka 1978 kampuni ya Kimarekani, American Bell International, ilifanya mkataba na Wizara ya Vita ya Iran, wakati nchi ile ingali chini ya Shah. Mkataba ulikuwa wa dola milioni 280, kwa ajili ya kuendeleza mawasiliano ya Iran. Kampuni ilipewa fedha za kutangulia dola milioni 38.8. Benki Iranshahr ya Iran ilidhamini kurudishwa kwa fedha hizo, na Manufacturers Hanover ya New York ikailinda benki hiyo kwa hati yake yenyewe. Kiasi kilichodhaminiwa kilipungua kila kazi ilipofanywa na ankara kutolewa.

Mwaka 1979 mapinduzi yakamwondoa Shah. Kazi ikasimama, na serikali mpya ikadai kiasi kilichobaki, zaidi ya dola milioni 30. Kampuni ikakimbilia mahakama ya New York. Ikalia kwamba serikali iliyofanya nayo mkataba haipo tena, na kwamba haitapata haki katika mahakama za Iran. Mwezi Agosti mwaka ule jaji alikataa kuizuia benki. Alisema kwamba kampuni ile ni kubwa, ina wanasheria wake, na iliingia katika mkataba ule ikiwa imefumbua macho. Kampuni ilikuwa imeikubali sheria ya Iran, na ilikuwa imekubali kwamba fedha zaweza kudaiwa wakati wowote. Aidha, benki isiyolipa ahadi zake huvunja heshima yake duniani kote.

Lakini mambo hayakuishia mahakamani. Novemba 14 mwaka huohuo wa 1979, Rais Carter alizuia mali za serikali ya Iran zilizokuwa chini ya mamlaka ya Marekani. Madai mengi ya pande mbili hizo yalikuja kupelekwa mbele ya baraza maalumu la usuluhishi mjini The Hague, kufuatana na mapatano ya Algiers ya Januari 19, 1981. Hapo twaona jambo ambalo wanasheria hawapendi kulisema kwa sauti kubwa: sheria iliyoandikwa katika hati ni moja, na nguvu ya dola inayoishika benki ni nyingine.

Sasa tuulize: ikiwa hati haikutaja sheria ya nchi yoyote, mahakama hufanyaje? Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mahakama ni mahali shauri linaposikilizwa. Sheria ni kanuni zinazotumika kuliamua. Mahakama ya London yaweza kusikiliza shauri na kuliamua kwa sheria ya Libya, baada ya kuwasikiliza mabingwa wa sheria hiyo. Ndivyo ilivyotokea katika shauri la Benki ya Wahda ya Libya dhidi ya Arab Bank, lililofika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1996. Dhamana za mbele zilikuwa za Libya. Zile za nyuma, zilizotoka London, hazikutaja sheria yoyote. Majaji waliamua kwamba hapana maana kuitenga dhamana ya nyuma na ile inayoilinda. Kwa hiyo zote zitawaliwe na sheria ya Libya.

Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris, kimechukua njia nyingine. Katika kanuni zake za dhamana zilizoanza kutumika Julai 1, 2010, kila dhamana hutawaliwa na sheria ya mahali ilipo ofisi ya benki iliyoitoa, isipokuwa hati yenyewe iseme vinginevyo. Na dhamana ya nyuma hufuata sheria ya benki iliyo nyuma. Kwa hiyo hati mbili za mzigo mmoja zaweza kuwa chini ya sheria mbili. Umoja wa Mataifa nao ulitunga mkataba juu ya jambo hili mwaka 1995, ukaanza kufanya kazi mwaka 2000. Lakini nchi zilizojiunga nao ni chache, na miongoni mwa za Afrika zimo Tunisia, Gabon na Liberia. Dunia, basi, haina mizani moja. Asiyechagua mizani yake atachaguliwa.

Hata aliyechagua hayuko salama daima. Agosti 6, 1990, siku nne baada ya Iraki kuivamia Kuwait, Baraza la Usalama liliiwekea Iraki vikwazo vya biashara. Kampuni ya Kiingereza ya Shanning ilikuwa imeahidi kupeleka vifaa vya hospitali huko, na ilikwisha kupokea fedha za kutangulia. Benki ya Rasheed ya Iraki ilitoa dhamana, Lloyds ya Uingereza ikasimama nyuma yake, na Shanning ikaweka fedha zake Lloyds. Vikwazo vikazuia mali isipelekwe. Mwaka 2001 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba sheria ya Ulaya ya mwaka 1992, iliyotokana na maazimio ya Umoja wa Mataifa, inaikataza Lloyds kuilipa Rasheed, hata vikwazo vitakapokuja kuondolewa. Shanning ikawa na haki ya kurudishiwa fedha ilizoweka. Nchi iliyovamia jirani yake ikapoteza na madai yake ya benki.

Tusidhani kwamba haya ni ya Waarabu na Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Kenya wameonja uchungu unaofanana na huu. Mwaka 2006 mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo alitoa taarifa juu ya mikataba 18 ya vifaa na huduma za usalama, katika kashfa iliyojulikana kwa jina la Anglo Leasing. Katika mikataba ya namna hiyo, serikali ilitoa hati za ahadi ya kulipa. Hati ya namna hiyo ni ndugu wa dhamana: hutengana na kazi iliyoizaa, na mwenye kuishika hudai fedha kwa nguvu ya karatasi. Kenya iligoma kulipa, ikashtakiwa Ulaya, ikashindwa. Mwezi Mei 2014 ililazimika kulipa shilingi za Kenya zipatazo bilioni 1.4, kwa kuwa hukumu zile zilikuwa zikiikwamisha kukopa katika masoko ya dunia. Wananchi walinung'unika kwamba walilipia kitu ambacho hawakukiona. Lakini mahakama ya ng'ambo haiulizi kama askari alipata kifaa chake. Yauliza: je, sahihi hii ni ya kwenu?

Hata hivyo ujirani una mema yake pia, nayo twayaona mipakani petu. Zamani mzigo uliotoka Mombasa kwenda Kampala au Kigali ulihitaji dhamana ya forodha katika kila nchi uliyopitia. Mpango wa dhamana moja ya forodha wa nchi za COMESA umeleta njia nyingine. Dhamana moja husafiri na mzigo kuvuka Malaba, Busia na Katuna. Mzigo ukipotelea njiani, forodha ya nchi ulimopotelea hudai kwa mdhamini wa nchi hiyohiyo, naye hurudi kumdai mdhamini wa mwanzo. Nchi jirani zilikaa pamoja kabla ya ugomvi, zikapatana nani atadaiwa, wapi, na kwa kanuni zipi. Askari polisi anayekagua lakiri ya kontena na kuandika taarifa ya lori lililopotea aelewe kwamba taarifa yake yaweza kuwa ndiyo ushahidi wa madai hayo.

Ndugu wasikilizaji, funzo la mifano hii yote ni moja. Dhamana ya benki si pambo la mkataba. Ofisa aliyekabidhiwa kazi ya kununua kwa niaba ya jeshi au polisi hana budi kuuliza kabla ya kutia sahihi: Hati hii itatawaliwa na sheria ya nchi gani? Mahakama ipi itasikiliza shauri? Mwisho wake ni tarehe ipi, na hati yenyewe imetunzwa na nani? Je, kiasi chake hupungua mali inapopokewa? Na mwenye ghala naye asione kazi yake ni ndogo. Akiandika kwamba malori 20 yamepokewa, ilhali yamefika 12, aweza kuwa ameifuta kwa kalamu yake ile haki ya taifa ya kurudishiwa fedha. Mali bila daftari huisha bila habari.

Fedha za kigeni tunazozitanguliza ng'ambo ni jasho la mkulima wa kahawa na la mvuvi wa ziwani. Wao hawawezi kwenda London wala New York kuzidai. Wamewaachia kazi hiyo watumishi wao, na dawa yake ni kuisoma hati mstari kwa mstari wakati kalamu ingali mkononi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia sahihi leo, na kuuliza sheria ni ya nani siku ya kushtakiwa.