Kurudi Kazini Taratibu ni Sehemu ya Matibabu

Msikilizaji, mpakuzi wa mizigo akiumia mgongo, wengi wetu tunaona ana njia mbili tu: akae nyumbani hadi apone kabisa, au arudi kubeba magunia kama zamani. Zote mbili zina hatari. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, tafiti zimeonyesha kuwa kujilaza hakuharakishi kupona, na kadiri mtu anavyokaa mbali na kazi ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Njia ya tatu ni kurudi taratibu, kwa saa chache na majukumu mepesi, yakiongezwa kadiri nguvu zinavyorejea. Huko Quebec, Kanada, daktari Patrick Loisel na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti juu ya wafanyakazi waliokosekana kazini zaidi ya wiki 4 kwa maumivu ya mgongo. Waliopata tiba ya kina pamoja na marekebisho ya kazi yenyewe walirudi kwenye kazi zao kwa kasi inayozidi mara mbili ya waliopata huduma ya kawaida.

Mwajiri atasema hana kazi nyepesi. Lakini kazi moja ina shughuli nyingi ndani yake: ghalani kuna kuhesabu mizigo, kukagua stakabadhi na kuwaelekeza wapya. Zikikusanywa, aliyeumia anapata zamu fupi yenye manufaa ya kweli. Mfanyakazi naye atahofia kuumia tena, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana daktari anapaswa kuandika mipaka: abebe kilo ngapi, asimame muda gani, apimwe tena lini. Msimamizi na mfanyakazi nao wakubaliane tarehe za kila hatua, maana kazi nyepesi isiyo na mpango inaweza kumwumiza mtu upya, au kumfanya asahauliwe pembeni.

Hapa Tanzania mwajiri akifanya hivyo hatoi hisani. Kanuni za Utendaji Bora katika ajira za mwaka 2007 zinamtaka, kabla ya kumwachisha kazi aliyeumia, atazame kwanza uwezekano wa kumrekebishia majukumu, na wajibu huo ni mzito zaidi kwa aliyeumia kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao hugharimia matibabu na huduma za utengamao. Basi ukiumia, toa taarifa mapema, na usimwulize daktari siku ya kupona tu. Mwulize pia ni shughuli zipi unaweza kuzifanya sasa bila kujidhuru, kisha mpelekee msimamizi wako jibu hilo kwa maandishi.