Tubishane na ushahidi mkononi: juu ya mbio, akili na dawa

(Maneno niliyoyasema mbele ya vijana, Minembwe)

Aksanti kwa kuacha kazi zenu. Mimi sikuacha kazi yoyote, mnajua. Nina diploma ya iniversite na sina kazi, kwa hiyo muda wa kufikiri ninao mwingi.

Leo nataka tuongee juu ya mbio. Najua kuna watu watacheka. Watasema: sisi huku Fizi tumekimbia vya kutosha, tumekimbia na magodoro kichwani, nani anataka kusikia tena habari ya kukimbia? Ni kweli. Katika lugha yetu mkimbiaji na mkimbizi wametoka katika neno moja. Lakini mmoja anakimbia juu anafukuzwa, mwingine anakimbia juu ametaka. Mimi njo nataka watoto wetu wawe wale wa pili.

Kilichonileta hapa ni mabishano. Wengi wenu mulikuwako, pale tunapochajia simu. Mtu mmoja alikuwa na video za mbio kwenye simu, tukazizunguka watu kama kumi na tano. Mara mmoja akasema: «Ule hakimbiake bure, wanamupigaka shindano.» Mwingine: «Wote banatumia, Wakenya wote!» Wa tatu: «Hapana, ni akili tu, anajua kukimbia.» Basi ikawa kelele mpaka simu ikazima. Wawili waliachana pale bila kuagana, na mpaka leo hawasalimiani vizuri. Juu ya watu ambao hawatawahi kujua kama Minembwe iko duniani!

Nilipofika nyumbani, mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, akanifuata. Huyo kijana anakimbia kweli. Mukimtuma anaenda mbio na kurudi kabla chai haijapoa. Akaniuliza: «Kaka, kama wote banatumia dawa, mimi nakimbilia nini?» Sikuwa na jibu. Nilichonacho leo ni jibu la ile swali, na ninalitoa mbele yenu wote juu kelele ilikuwa yetu wote.

Tuanze na akili, juu wengi tunasahau kwamba mbio ni hesabu. Ukikaa mbele, unapasua upepo kwa ajili ya wengine. Ukikaa nyuma, unapumzika, lakini unaweza kufungiwa njia. Hakuna nafasi ya bure.

Mwangalie David Rudisha, London, tarehe 9/8/2012, mita 800. Hakuwa na mtu wa kumvutia mbio kama wanavyofanya kwenye mikutano ya pesa. Alishika mbele mwenyewe, akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49 na kidogo, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Na wale walionyuma walivutwa naye. Aliyekuwa wa mwisho siku ile, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77. Muda ule ungempa zahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Wa mwisho! Sasa, mtu asiyejua hesabu ya mbio angesema siku ile wote wanane walikunywa kitu. Kumbe mmoja tu alikubali kubeba upepo tangu mwanzo.

Lakini kubeba upepo si dawa ya kila siku. Paris, tarehe 6/8/2024, mita 1500. Jakob Ingebrigtsen wa Norway alishika mbele, akakaza mbio tangu mapema. Alitaka kuwachosha wenye kasi ya mwisho. Katika mita za mwisho mwenyewe akachoka. Cole Hocker wa Marekani akapita kwa ndani, 3:27.65, rekodi ya Olimpiki. Ingebrigtsen akatoka wa nne, hata medali hakupata. Mpango ulikuwa mzuri. Aliwavuta wenzake mpaka wakampita.

Na jirani yetu Joshua Cheptegei wa Uganda, huyo ni somo zima. Mwaka 2017, Kampala, mbio za nyika za dunia, mbele ya watu wake. Aliongoza peke yake, watu wanapiga kelele, halafu mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Alimaliza wa 30. Fikirini aibu ile, nyumbani kwako. Miaka saba baadaye, Paris, tarehe 2/8/2024, mita 10,000, mizunguko 25. Wahabeshi watatu walikuwa wanapokezana mbele ili kukaza mbio. Cheptegei akakaa, akasubiri, akasubiri, akatoka mwishoni: 26:43.14. Watu 13 siku ile walikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Olimpiki. Yule wa Kampala hakuwa mjinga, na yule wa Paris hakuwa mchawi. Ni mtu mmoja aliyejifunza kungoja.

Tena musisahau viatu vya siku hizi, vyenye sponji mpya na bamba gumu ndani, na taa zinazowaka pembeni ya uwanja katika mbio nyingi za rekodi kuonyesha kasi. Kwa hiyo muda ukishuka, sababu ziko nyingi. Mtu akisema «ni dawa tu», muulize kwanza kama amehesabu hizo zingine.

Sasa tufike kwenye dawa. Sitaki kuwadanganya hapa niseme hakuna. Ziko, na zimeangusha wakubwa.

Asbel Kiprop wa Kenya, Beijing 2008, mita 1500: alifika wa pili. Aliyefika wa kwanza, Rashid Ramzi wa Bahrain, alikutwa baadaye na dawa ya kuongeza damu, akanyang'anywa, na Kiprop akapewa zahabu. Alikuwa mtoto wa miaka 19, ameibiwa furaha ya kusimama juu siku ile. Sote tungemhurumia. Halafu akawa bingwa wa dunia mara tatu, 2011, 2013, 2015. Novemba 2017 sampuli yake mwenyewe ikakutwa na EPO. Alikana, lakini mwaka 2019 alifungiwa miaka minne. Mtu yule yule aliyeibiwa. Hapo mtu anasema nini?

Ruth Chepngetich, yeye ni wa barabara, si wa uwanja. Chicago, tarehe 13/10/2024, alikimbia marathoni kwa 2:09:56, mwanamke wa kwanza chini ya saa mbili na dakika kumi. Watu wakagawanyika siku ile ile: wengine furaha, wengine shaka. Machi 2025 sampuli yake ikakutwa na dawa ya kukojoza, ile ambayo wagonjwa wa presha wanapewa, na ambayo mkimbiaji anaweza kuitumia kuficha dawa zingine. Kiwango kinachohitaji taarifa ni 20. Yake ilikuwa kama 3,800. Alisema aliumwa akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Waliokuwa na shaka wakasema: «Si tuliwaambia?» Lakini musikie vizuri: matokeo yake ya kabla ya sampuli ile hayakufutwa, na Chicago imebaki kwenye kitabu. Shaka yako inaweza kuwa na sababu, na bado isiwe hukumu.

Na kabla hatujacheka Wakenya, tujiangalie. Paris 2024, mkimbiaji wetu wa mita 100, Dominique Lasconi Mulamba, amevaa rangi za Kongo, sampuli yake ilikutwa na stanozolol, akasimamishwa. Mmoja wetu. Je, kuanzia siku ile Wakongomani wote ni walevi wa dawa? Ungekubali mtu akuambie hivyo uwanja wa ndege? Basi kwa nini unasema «Wakenya wote»?

Hapa njo nataka mutulie kidogo. Sisi tuko watu gani, tusijue neno «wote» linafanya nini? Hapa kwetu mmoja akikosa, kijiji kizima kinatajwa. Tetesi inatoka sokoni asubuhi, jioni imepanda mlima, na njiani imeongezeka miguu. Tumezika watu juu ya maneno ambayo hakuna aliyeyahakikisha. Mazoea ya kuhukumu bila kuuliza hayaanzi na mambo makubwa. Yanaanza pale kwenye simu, tukicheka, juu ya mtu wa mbali.

Mimi mwenyewe nimeonja. Nilipomaliza masomo, mtu mmoja alinitazama diploma akasema: «Hizi siku hizi wananunua tu.» Ni kweli kuna wanaonunua, sitabisha. Lakini mimi niliuza mbuzi wa mama kulipa mwaka wa mwisho, na nililala njaa nikisoma. Nitaonyesha nini? Anayeiba haibi medali tu. Anaiba hata uaminifu wa yule aliyeshinda kwa jasho. Kwa hiyo mwizi tumkasirikie sana, sawa sawa, lakini hasira yetu isimpige asiyeiba.

Wenzetu wa riadha walitafuta njia. Wakimbiaji wakubwa wanatoa kila siku saa moja na mahali wanapoweza kukutwa na wapimaji. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa, hata bila dawa kuonekana. Damu yao inafuatiliwa miaka mingi, ili mabadiliko ya ghafla yaonekane. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya marathoni, alikosekana, akatoa sababu ya ajali barabarani na picha ya lori limeanguka. Wakachunguza picha: ilikuwa ya siku nyingine kabisa. Mwaka 2020 alifungiwa miaka minne. Sisi ambao kila wiki tunatumiwa picha za zamani tukiambiwa ni za leo, tujifunze pale: hawakubishana kwa kelele, waliuliza picha imepigwa lini.

Basi naomba tukubaliane mambo matatu tukibishana. Moja: taja mtu, usitaje kabila wala nchi. Mbili: sema unajua nini, na sema unashuku nini, usivichanganye. Tatu: ukikosea, rudi pale pale uliposema, mbele ya watu wale wale, useme nilikosea. Na wale wawili ambao hawasalimiani, niko nawaona, wako wamekaa mbali mbali. Mukitoka hapa, mupeane mkono.

Kwa mdogo wangu, jibu langu ni hili. Si wote. Kuna wezi, na kuna wanaowatafuta wezi. Wewe kimbia. Minembwe iko zaidi ya mita 2,000 juu. Watu wanatoka Ulaya kwenda kulipa pesa Iten kutafuta hewa kama hii tunayoivuta bure. Uwanja hatuna, lakini kamba tunayo. Jumamosi, kukiwa na utulivu, tutapima mita 400 kwenye malisho, tutaweka vijiti, na mimi nitashika saa na daftari. Kila mtoto, wa mtaa wowote, wa lugha yoyote, atakimbia na muda wake utaandikwa mbele ya macho ya wote. Mtu akija kesho kusema amependelewa, tutamfungulia daftari.

Mwenye kamba ndefu alete.