Bundi Si Mchawi: Tuwasaidie Ndege Walioumia

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya maendeleo ya parokia)



Mmezoea kutusikia hapa tukiongea juu ya ng'ombe wa maziwa, visima na mikopo ya kikundi. Leo nimeombwa niongee juu ya ndege wa porini walioumia. Najua wengine mnajiuliza, "Kwani shida za watu zimekwisha?" La, hazijaisha. Lakini panya akimaliza mahindi ghalani, hiyo si shida ya watu? Mzoga ukioza kando ya mto tunaochota maji, je? Mungu ametupa wafanyakazi wa kazi hizo mbili, tena bila mshahara, nasi tunawapiga mawe na kuwatilia sumu.

BUNDI, MLINZI WA GHALA

Tulikotoka wengi wetu, bundi akilia juu ya paa watu husema kuna mtu atakufa. Basi vijana huamshwa usiku wamfukuze kwa manati, na asubuhi anapatikana chini amevunjika bawa.

Hebu tufikiri pamoja. Bundi huenda penye panya, na panya huenda penye nafaka. Akija kwako, anakuambia una mahindi na una panya. Na nyumba yenye mgonjwa, taa huwaka usiku kucha. Taa huvuta wadudu, na wadudu huvuta wanaowala. Mgonjwa akifariki, tunamlaumu ndege aliyekuja kutafuta chakula.

Ushahidi upo. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Tafuteni madonge hayo chini ya mti anapolala. Yaloweke majini, yapasue kwa kijiti mbele ya watoto, mhesabu mafuvu ya panya. Hapo hamhitaji hotuba yangu.

Tena, panya aliyekula sumu hatembei vizuri, naye bundi humkamata kwa urahisi. Hivyo sumu ya panya humuua na mlinzi. Mtego ni bora, na ghala lenye vizuizi vya bati miguuni ni bora zaidi.

TUMBUSI, BWANA AFYA

Tumbusi, ambaye wengine humwita tai wa mizoga, hana sura nzuri, ni kweli. Lakini kundi lake humaliza mzoga kwa muda mfupi kabla haujaleta magonjwa.

Kule India, katika miaka ya 1990, tumbusi walianza kufa kwa wingi. Baadaye iligunduliwa kwamba chanzo ni dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iitwayo diklofenaki: tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa nayo, figo zake huharibika. Aina tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikawa hatari kubwa zaidi kwa watu. Serikali ya India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu. Kurudi kwao ni kwa polepole mno.

Kwetu Kenya adui mkubwa ni sumu. Fisi akila ndama, mwenyewe hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini akipaka mzoga dawa ya wadudu, fisi anaweza kuponyoka na tumbusi makumi wakafa siku moja, pamoja na mbwa wa jirani. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika orodha ya walio karibu kabisa kutoweka. Mwenzangu, imarisha boma lako, kisha uripoti hasara. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakuruhusu kudai fidia, ingawa twajua huchelewa.

UKIMPATA NDEGE AMEUMIA

1. Mfunike kwa leso au gunia jepesi. Akiwa haoni, hutulia.

2. Ndege walao nyama huumiza kwa kucha kuliko mdomo. Shika miguu yote miwili kwa uthabiti. Korongo naye hulenga macho, kwa hiyo mshike kichwa.

3. Mtie ndani ya katoni yenye matundu na kitambaa chini. Usitumie kizimba cha waya, kitamvunja manyoya ya mabawa.

4. Mweke mahali penye giza, kimya, pasipo jua kali. Watoto wasije kumtazama. Hofu peke yake huweza kumuua.

5. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Usimpe ugali, mkate wala maziwa.

6. Usimfunge kifua kwa kitambaa kilichokaza. Ndege hupumua kwa kupanua kifua.

7. Ukiona ndege wengi wamelala karibu na mzoga, usiguse kwa mikono mitupu. Sumu hiyo huua hata mtu. Zuia mbwa na watoto, kisha uite askari wa wanyamapori.

8. Andika mahali alipopatikana. Akipona, arudishwe huko.

Halafu mpigie simu au mpelekee afisa wa KWS aliye karibu siku hiyo hiyo. Kufuga ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria. Wale walao nyama hutibiwa na Kenya Bird of Prey Trust, lenye vituo Naivasha na Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita.

Msidhani kupona ni kuunga mfupa tu. Ndege aliyekaa muda mrefu bila kuruka amelegea misuli, kama mtu aliyetoka hospitali. Huruswa kidogo kidogo akiwa amefungwa kamba ndefu, mpaka apate nguvu za kuwinda. Aliyevunjika manyoya huweza kuungiwa manyoya ya ndege mwingine kwa kijiti chembamba na gundi. Ni kazi ya miezi. Jiwe la manati ni la dakika moja.

NA VIFARANGA VYETU?

Mama mmoja ataniuliza, "Na mwewe anayeiba vifaranga?" Swali zuri. Viweke vifaranga ndani ya kizimba chenye paa la wavu kwa majuma ya kwanza. Gharama ya wavu hulipwa na vifaranga vichache vinavyopona.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwambia aliyeona kiota njiani asimchukue mama pamoja na makinda. Musa alikuwa na taifa zima jangwani la kulisha na kuongoza, hata hivyo sheria ya kiota haikuachwa nje.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni ndege gani mlikuwa mkiwaona zamani na siku hizi hamwaoni? Waulizeni wazee.
- Nani hapa kijijini anatumia sumu, na anasukumwa na shida gani?
- Ndege aliyeumia akipatikana kesho, nani ana katoni, na nani ana namba ya afisa wa wanyamapori?

Swali la tatu lijibiwe kwa majina ya watu, na katibu ayaandike katika kitabu cha kikundi.