Uchaguzi Upi, Bibi? Umri wa Mtoto Katika Uandikishaji wa Darasa la Awali

Ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wakuu wenzangu, na walimu wa awali, ambao kwa kawaida hamwitwi kwenye semina kama hizi.

Nimeombwa nizungumzie uandikishaji wa darasa la awali katika shule zetu za msingi. Nyaraka mnazo, na fomu za takwimu tumezijaza mpaka vidole vimeota sugu, kwa hiyo sitawasomea. Nitakaa kwenye jambo moja linalotuponyoka kila mwaka: umri wa mtoto.

Januari 2026 alifika ofisini kwangu bibi mmoja na mjukuu wake wa kike. Mtoto kavaa sare mpya, kubwa, sketi imekunjwa kiunoni mara mbili. Kadi ya kliniki iliharibika kwa mvua. Cheti cha kuzaliwa hakijawahi kuwapo. Mama wa mtoto yuko mjini na simu yake haipatikani.

"Shikamoo bibi. Mtoto kazaliwa lini?"

"Marahaba. Kazaliwa mwaka wa uchaguzi, mwalimu."

Nikaanza kuandika 2020, kisha nikasita. "Uchaguzi upi, bibi? Wa rais, au wa wenyeviti wa vijiji?"

Akafikiri. "Ule ambao mwenyekiti wetu alipita bila kupingwa. Hata kura hatukupiga."

Huo ni Novemba 2019. Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 2020. Katikati hapo ni miezi kumi na moja tu, lakini mtoto wa ule wa pili ana miaka 5, ni wa awali; wa ule wa kwanza ametimiza 6, umri wa darasa la kwanza. Nisingeuliza mara ya pili, ningemwandika kwenye darasa lisilo lake, na kwa wino.

Tusiwacheke wazazi wakichanganya. Tumewachanganya wenyewe. Sera ya elimu ya Tanzania ya mwaka 1995 ilisema awali ni miaka miwili, kwa watoto wa miaka 5 na 6, na darasa la kwanza mtoto anaanza akiwa na 7. Bibi huyu aliwasomesha watoto wake kwa hesabu hiyo. Sera ya 2014 ikaifanya awali kuwa mwaka mmoja, tena wa lazima. Toleo lake la 2023 limeweka miaka 6 kuwa umri wa kuanza darasa la kwanza, na elimu ya msingi kuwa miaka sita. Nyumba moja inaweza kuwa na mjomba, dada na mdogo wao walioanza shule kwa umri tofauti, wote kwa kufuata sheria. Halafu Oktoba tunabandika tangazo kwenye mti wa ofisi ya kijiji, mistari minne, tunataraji limeeleweka.

Kwa nini nang'ang'ania awali, wakati zamani umri tulikuwa tunauhakiki darasa la kwanza? Kwa sababu siku hizi anayeingia awali kwetu ndiye tunayemhamishia darasa la kwanza mwaka unaofuata, mara nyingi kwa kunakili tu orodha. Kosa la tarehe linahama naye, linaingia kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na kila mkuu wa shule hapa anajua usumbufu wa kurekebisha kitu humo. Jirani zetu wa Kenya wana kisingizio: tangu Katiba yao ya 2010 elimu ya awali iko chini ya kaunti na ya msingi chini ya serikali kuu, hivyo mwalimu wa chekechea na mwenzake wa chumba cha pili wana waajiri wawili. Sisi awali na darasa la kwanza viko chini ya mwalimu mkuu mmoja.

Sasa kuhusu sikio. Najua wapo humu ndani wanaoendelea nalo: mtoto apitishe mkono juu ya utosi, akigusa sikio la upande wa pili basi amefikia umri. Mimi mwenyewe niliandikishwa hivyo, na mkono wangu ulifika mwaka wa pili. Kipimo hiki kinapima urefu wa mkono. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na miaka sita kamili na mkono ukaishia kwenye nywele. Tukimrudisha nyumbani tumemwadhibu kwa chakula alichokosa.

Upande wa pili wapo wanaoletwa mapema. Mama anauza mboga gengeni tangu alfajiri, mtoto ana miaka mitatu, na anayemlea ni dada yake wa darasa la nne. Ukimkataa mdogo, kesho mkubwa naye haonekani. Ukimpokea, anasinzia kwenye mkeka hadi saa nne, na mwakani mtendaji anauliza kwa nini hajapanda darasa wakati wenzake wamepanda. Mimi huwa nawaruhusu wakae na wenzao lakini siwaandiki. Sijui kama mkaguzi atanielewa. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na idadi mliyo nayo madarasani mnaijua wenyewe. Kila jina lisilostahili tunaloliandika linakula nafasi ya anayestahili.

La michango nalipita haraka. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, na ream ya karatasi au dawati si sharti la kumpokea mtoto. Anayetaka kubishana nami tuonane wakati wa chai. Vivyo hivyo usaili: shule binafsi wana yao, sisi hatuna sababu ya kumhoji mtoto wa miaka mitano kama anajua kuhesabu mpaka ishirini. Hiyo ndiyo kazi anayokuja kufundishwa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kwanza, tusingoje Januari. Siku za kliniki zahanati zote zimejaa mama na watoto, na kadi ziko mikononi, bado kavu. Mpango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, unatoa vyeti bure zahanati na ofisi za kata; mtoto akishapita mitano fursa hiyo imempita. Mwalimu wa awali akikaa pale asubuhi mbili tu Septemba, atarudi na orodha yenye tarehe za kuaminika.

Pili, nimeongeza safu moja kwenye daftari langu la uandikishaji, pembeni ya tarehe ya kuzaliwa. Nimeiita "Tumejuaje". Humo naandika cheti, kadi, au maelezo ya mlezi, ili atakayelishika daftari baada yangu ajue ni tarehe ipi ya kuiamini.

Yule binti nilimweka darasa la kwanza, ingawa awali hakupita, na mwalimu wake anamrudisha awali saa ya hadithi na michezo. Wapo watakaosema nilipaswa kumwanzisha chini, na pengine wana hoja. Kwenye safu yake pameandikwa: uchaguzi wa serikali za mitaa, 2019, kwa maelezo ya bibi.